Je, wajua kwa nini simu ikilala mezani haimalizi chaji?

Weka simu mezani saa nne usiku ikiwa na asilimia 80. Asubuhi utaikuta imeshuka kidogo tu, na usiku kucha haikuzimwa: meseji zimeingia, na alamu imelia kama ulivyoitegesha. Simu hiyohiyo ukiitazamia video mchana ndani ya daladala, kutoka Nanenane hadi mjini, chaji inashuka huku unaiona. Wengi watakuambia ni kioo. Kweli, kioo kinakula sana. Ila ndani ya chipu nako kuna ujanja unaofanyika bila kelele, na nauona ni mzuri kuliko mambo mengi yanayosifiwa dukani wakati wa kuuza simu.

Kila prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu za simu, ina saa. Haioneshi majira, ni umeme unaopanda na kushuka, kwenye simu za leo zaidi ya mara bilioni moja kwa sekunde. Kila pigo hufika kwenye rejista, yaani vijisehemu vinavyoshika data, ili zote zibadilike kwa pamoja bila mmoja kumtangulia mwenzake. Sasa, waya na transista (swichi ndogo sana za umeme ndani ya chipu) zina tabia ya kapasita, yaani huhifadhi chaji: ili volti ipande lazima ujaze chaji kutoka kwenye betri, na ili ishuke chaji hiyo humwagwa. Ni sawa na kujaza ndoo, kuimwaga chini, kisha kuijaza tena. Mwulize mkazi wa Dodoma aliyekesha akisubiri maji ya mgao kama angevumilia kuona hivyo.

Kinachouma zaidi ni kwamba ndoo inajazwa na kumwagwa hata kama hakuna kazi. Rejista isiyo na data mpya bado inapigwa kila pigo, na inaandika upya kilekile ilichokuwa nacho. Prosesa ya Alpha 21064 ya kampuni ya Digital ya Marekani, iliyotoka mwaka 1992, ilitumia takriban asilimia 40 ya umeme wake kwa ajili ya saa peke yake.

Dawa yake ni kuzuia saa isifike mahali pasipo na kazi. Unapotazama video, sehemu ya kufungua video inapata mapigo. Ya kamera hainyimwi umeme, inanyimwa mapigo tu. Kwa kuwa umeme upo, kila rejista inabaki na ilichoshika, na saa ikirudishwa kazi inaendelea pale ilipoishia bila kuwasha chochote upya.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani inatosha kuweka geti la lojiki, yaani kisaketi kinachopitisha au kuzuia ishara: saa iingie upande mmoja, amri ya "pita" au "simama" upande mwingine. Hapo ndipo wanafunzi wengi wa elektroniki hunaswa. Amri ya kusimama ikifika wakati pigo liko juu, geti litalikata katikati, na kitatoka kipande cha pigo. Rejista moja itakihesabu, ya jirani isikione, na kuanzia hapo chipu inaharibu hesabu bila mtu kujua kosa liko wapi. Kwa hiyo kabla ya geti huwekwa kisaketi kidogo kinachoishikilia amri. Kinaruhusu amri ibadilike wakati saa iko chini tu; saa ikipanda, kinaifunga. Pigo linapita zima au halipiti kabisa.

Ukitaka kuushika ujanja huu kwa mkono, tafuta ATmega328P, chipu iliyo kwenye bodi nyingi za Arduino Uno, zile za kujifunzia elektroniki. Ina rejista iitwayo PRR, na kila biti (nafasi ya 0 au 1) unayoiweka 1 humo inasimamisha saa ya sehemu moja: taima, mawasiliano, au kipimo cha volti. Chukulia kifaa cha kupima unyevu wa udongo kwenye shamba la zabibu la Hombolo. Ikiwa macho kwa kasi ya megahezi 1 na volti 1.8, chipu hiyo inatumia takriban miliampea 0.2. Ikilala huku ikibakiza saa ndogo ya fuwele ya kwazi, yenye mapigo 32,768 kwa sekunde, inatumia maikroampea 0.75 hivi. Hiyo ni pungufu zaidi ya mara 250, na bado inajua muda wa kuamka umefika. Udongo haukauki kwa sekunde, kwa hiyo kifaa kama hicho kinaweza kulala karibu siku nzima.

Kuna kitu ambacho kuzuia saa hakukigusi. Transista zilizosimama bado huvujisha umeme kidogo, na uvujaji huo huongezeka joto likipanda. Ndiyo maana sehemu zinazolala muda mrefu hukatiwa umeme wenyewe, ingawa hapo zinasahau zilichoshika na huchelewa kuamka. Ndiyo maana pia simu iliyofungwa kwenye usukani wa bodaboda, katika jua la saa saba la Oktoba, inapoteza chaji hata isipoguswa. Na programu inayoiamsha kila dakika kuuliza uko wapi inarudisha mapigo yote yaliyokuwa yamezuiwa. Nenda kwenye mipangilio ya betri, angalia ipi inaongoza, kisha ikatalie kufanya kazi chinichini.