Viti Vikiongezeka Baada ya Ramani Mpya, Usikimbilie Kusema Kura Zimehama

Nimeisoma tena wiki hii, na imenichosha: eti wapiga kura wa Wisconsin, jimbo la Marekani, waliwageukia Wademokrati mwaka 2024, kwa kuwa chama hicho kiliongeza viti 10 katika Assembly, yaani baraza la chini la bunge la jimbo, kutoka 35 hadi 45 kati ya 99, na vingine vinne katika Seneti ya jimbo. Siyo kweli. Siku hiyohiyo, kwenye karatasi hiyohiyo ya kura, Donald Trump alilichukua jimbo hilo kwa kura zipatazo 29,000. Miaka minne kabla, Joe Biden alikuwa amelishinda kwa kura 20,682. Kwa hiyo kura za urais zilisogea kwa Warepublikan, huku viti vya bunge la jimbo vikisogea kwa Wademokrati. Kilichobadilika ni ramani ya mipaka ya maeneo bunge.

Historia yake ni fupi. Desemba 2023 Mahakama ya Juu ya Wisconsin, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, iliibatilisha ramani ya zamani. Katiba ya jimbo inataka kila eneo bunge liwe ardhi iliyoungana, lakini maeneo yasiyopungua 50 kati ya 99 ya Assembly yalikuwa na vipande vilivyotengana na eneo lenyewe. Februari 2024 gavana Tony Evers akatia saini ramani mpya.

Sasa kosa linaloniudhi zaidi. Mtu anachukua eneo bunge lenye namba fulani, anaona mwaka 2022 lilikuwa la chama hiki na mwaka 2024 ni la kile, anaandika kwamba "limepinduliwa". Namba ndiyo iliyobaki. Ardhi inaweza kuwa nyingine na watu wengine, na pengine mbunge wa zamani sasa anaishi nje ya mipaka yake. Ukilinganisha namba kwa namba, unalinganisha watu wawili tofauti kwa sababu wana jina moja.

Njia sahihi ni kuchukua matokeo ya uchaguzi uliopita, wodi kwa wodi (vitengo vidogo vya kupigia kura), kuyapanga juu ya ramani mpya, kisha kujumlisha upya kila eneo. Hapo unapata matokeo ya makadirio: nani angeongoza hapa kama mipaka hii ingekuwapo wakati ule? Hayo ndiyo ya kulinganisha na matokeo mapya. Chama kikishinda eneo ambalo makadirio yanaonyesha lilikuwa lake tayari, hakijapindua chochote, hata magazeti yakisema nini.

Kazi yenyewe ina mashimo. Mipaka ya wodi huchorwa upya baada ya sensa, kwa hiyo wodi ya 2020 si lazima iwe wodi ya 2022. Halmashauri ndogo huruhusiwa kuunganisha wodi kadhaa na kutangaza jumla moja. Jumla hiyo ikikatwa katikati na mpaka mpya, inabidi ushuke hadi vitalu vya sensa, yaani vipande vidogo kabisa vya ardhi ambavyo watu huhesabiwa kwavyo, na kuzigawa kura kwa idadi ya watu wazima wa kila kipande. Hapo tayari unakisia, maana umechukulia kwamba upande wa mashamba na upande wa mjini wa wodi moja wanapiga kura sawasawa.

Usitumie kura za wabunge wenyewe kama msingi wa makadirio hayo. Mwaka 2018 Wademokrati walipata takriban asilimia 53 ya kura zote za Assembly, wakaambulia viti 36. Takwimu hiyo hunukuliwa kila mahali, lakini imevimba: walikuwa na wagombea wasio na mpinzani wengi kuliko Warepublikan, na pasipo na mpinzani kura zote huangukia upande mmoja. Tumia uchaguzi uliofanyika jimbo zima. Mwaka huohuo, katika uchaguzi wa ugavana, Evers, Mdemokrati, alimshinda Scott Walker, Mrepublikan, kwa kura 29,227, lakini Walker aliongoza katika maeneo bunge 63 kati ya 99. Kipimo hicho hakiathiriwi na viti visivyo na ushindani, na bado kinaonyesha jinsi ramani ya wakati huo ilivyoelemea upande mmoja. Sehemu ya mwelemeo huo inatokana na wafuasi wa Wademokrati kurundikana katika miji ya Milwaukee na Madison, na sehemu ni mkono wa mchoraji. Kutenganisha hizo mbili kwa usahihi ni kugumu kuliko mawakili wa pande zote wanavyokiri.

Na msingi upi? Hapa sina jibu la kumridhisha kila mtu. Ukitumia urais wa 2020, jimbo linaonekana karibu sare. Ukitumia ugavana wa 2022, Evers alishinda kwa kura kama 90,000, na maeneo kadhaa yenye ushindani wa karibu yanahama rangi kwenye jedwali lako bila mpiga kura yeyote kubadili mawazo. Mimi hutumia chaguzi tatu au nne na kutoa wastani, kisha naonyesha kila moja peke yake. Asiyekutajia msingi wake, usimwamini. Faida ya mbunge aliyeko madarakani nayo inanisumbua: akipewa mitaa mipya isiyomjua, anabaki na kiasi gani cha faida hiyo? Sioni namna ya kukitenga kwa uhakika kwa uchaguzi mmoja tu.

Seneti ina mtego wake. Kila eneo la Seneti ni maeneo matatu ya Assembly, jumla 33, na muhula ni miaka minne. Mwaka 2024 ni viti 16 tu vya namba shufwa vilivyopigiwa kura. Mkazi aliyehamishwa na ramani kutoka namba shufwa kwenda witiri alimchagua seneta mara ya mwisho 2020, na zamu ya viti 17 vya witiri ni Novemba 2026. Huyo anakaa miaka sita bila kumpigia kura seneta wa jimbo, na aliyehamishwa kinyume chake akapiga baada ya miwili. Kwa hiyo matokeo ya Seneti, Warepublikan 18 kwa Wademokrati 15, hayakuwa hukumu ya jimbo zima juu ya ramani mpya. Nusu ya ramani ilikuwa bado haijapigiwa kura.