Uyoga, mafuta ya damu na ini

Swali: Nimepimwa hapa Kampala, mafuta kwenye damu yamezidi. Jirani kaniletea kopo la unga wa uyoga, ati unasafisha ini. Ninywe?

Jibu: Uyoga wenyewe una kitu, sikatai. Huu wa mamama unaokuzwa kwenye mifuko ya maganda ya pamba una nyuzi ziitwazo beta-glukani. Zikifika utumboni hunasa nyongo na kutoka nayo. Ini hulazimika kutengeneza nyongo nyingine, na kwa kuwa huitengeneza kwa lehemu (kolesteroli, moja ya mafuta ya damu), huivuta lehemu hiyo kutoka kwenye damu. Tena una lovastatini kidogo, dawa ya kushusha lehemu ya kundi la statini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987. Tofauti ni kwamba kidonge kina kipimo, ilhali uyoga hubadilika mavuno kwa mavuno. Upike kama mboga. Kopo, kama tayari unameza statini, mwonyeshe daktari kwanza, maana dawa juu ya dawa ya aina moja huumiza misuli na ini lenyewe.

Swali: Kwa hiyo ini haulilindi?

Jibu: Kwa panya wa maabara umeonyesha dalili nzuri. Kwa watu, ushahidi bado mwembamba. Ini la hapa kwetu linaliwa na virusi vya homa ya ini B, ambavyo vina chanjo, na pombe kali ya waragi. Kisha kuna karanga. Uyoga wa binyebwa, yaani wa mchuzi wa karanga, ni mtamu, lakini binyebwa vya kusagwa sokoni huficha mengi. Nunua karanga nzima, uzimwage kwenye ungo, utoe zilizosinyaa na zenye ukungu, ndipo utwange. Sumu ya ukungu ule, aflatoksini, haiondoki kwa kuchemsha, nayo huleta saratani ya ini.

Swali: Na uyoga wa porini?

Jibu: Ule mdogo wa kwenye vichuguu bibi zetu wanaujua. Usioujua, uache. Kuna aina ya uyoga wa jamii ya Amanita ambayo sumu yake haifi kwa moto. Kutapika huanza saa sita au zaidi baada ya kula, kisha mtu hupata nafuu kama siku moja, na ndani ya nafuu hiyo ini linakufa. Msingoje: kimbilieni hospitali na mabaki ya uyoga.

Swali: Mimi ni wa ukoo wa Butiko, uyoga ni mwiko kwetu.

Jibu: Basi kula maharage, nayo yana nyuzi za kunasa nyongo. Na kopo la jirani umeshapata sababu ya kulirudisha.