Klishe si methali

Klishe ni usemi uliotumika hadi ukachuja. Zamani ulimfanya msikilizaji atege sikio, leo unampita tu. Maana ndiyo hiyo, haina mengi. Kinachokera ni jinsi neno hili linavyorushiwa kila anayetamka methali. Mtu akisema "haraka haraka haina baraka", anajibiwa: "Hiyo klishe."

Neno lenyewe ni la wapiga chapa wa Ufaransa. Enzi hizo herufi za madini ya risasi zilipangwa moja moja kwa mkono, na kazi ikiisha zilitawanywa zipangwe upya. Kwa ukurasa au picha ya kuchapwa tena na tena, walitengeneza kalibu ya kitu kizima, wakaitumia pamoja na madini yaliyoyeyushwa hadi likapatikana bamba moja gumu. Bamba hilo ndilo lililoitwa cliché, na inasemekana jina liliiga mlio wa kalibu ikigongwa kwenye madini ya moto. Mwishoni mwa karne ya 18 Firmin Didot, mpiga chapa wa Paris, aliita mabamba ya namna hiyo stéréotype, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kigumu. Ndiyo, steriotaipu, ile dhana iliyoganda kuhusu watu wa aina fulani, ni ndugu yake wa karakana moja. Klishe likaangukia maneno, lile jingine likawaangukia watu. Raha ya bamba ni kwamba hupangi tena herufi. Karaha yake ni kwamba huwezi kugusa hata moja.

Sasa tazama insha inayoanza: "Ilikuwa siku ya Jumatatu asubuhi, jua limechomoza, ndege wakiimba." Kisa ni cha wizi, uliofanyika usiku. Ndege wametoka wapi? Hakuna aliyewasikia, bamba limegongwa tu, na mwandishi anadhani ameandika.

Methali haidai kuwa mawazo ya msemaji. Anayeisema anajua si yake, na anayesikiliza anajua hivyo. Sema "haba na haba", mwenzako atamalizia "hujaza kibaba" kabla hujafunga mdomo. Klishe haimaliziwi na mtu, maana hakuna anayeisikiliza.

Kuna methali zinazopachikwa ovyo, hilo sibishi. Ila ukikutana na mtu wa hivyo, mwambie tu kwamba methali yake haikukaa mahali pake. Hapo utakuwa umemkosoa kwa kosa alilolifanya.