Kadi kwenye safari za kazi: yanayosemwa na yalivyo

Zamani safari ya kazi kutoka Unguja ilikuwa bahasha. Unasaini masurufu kwa mhasibu, unapanda boti Malindi, ukirudi unamwaga mezani risiti na chenji iliyobaki. Siku hizi wengine wamepewa kadi ya kampuni, na wengine wanalipa kwa kadi zao wakisubiri kurejeshewa. Kazi yangu ni kuzipokea hizo risiti, kwa hivyo maneno yanayosemwa juu ya kadi nayasikia karibu yote.

Linalonichosha zaidi ni hili: "Risiti ya nini? Si benki inaonesha kila kitu?" Haioneshi. Taarifa ya kadi ina tarehe, jina la mfanyabiashara na jumla ya pesa, basi. Na jina lenyewe huenda likawa la kampuni iliyosajiliwa, silo lililoandikwa kibaoni. Umekula mkahawani Shangani, taarifa inataja watu usiowajua. Laki tatu za hoteli zinaweza kuwa chumba cha usiku mmoja, au chumba pamoja na dobi na chakula cha jamaa watatu waliokuja kukuamkia. Hilo linajulikana kwa ankara ya hoteli peke yake. Hata kile kikaratasi kinachotoka kwenye mashine ya kadi si risiti ya kodi: kinasema umelipa, hakisemi umenunua nini. Huku kwetu inayotakiwa ni risiti ya kielektroniki ya mfumo wa Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Ukivuka Dar, ni ile ya TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Usizichanganye, maana kiwango cha kawaida cha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 15 Zanzibar na asilimia 18 Bara, na mhasibu hawezi kukisia umelala upande gani wa bahari. Halafu ipige picha siku ile ile. Karatasi hizo huchapwa kwa joto, na maandishi yake hufifia. Nimeletewa zilizokaa pochini wiki mbili, nyeupe pe.

Wengine husema: kadi imeandikwa jina la kampuni, deni si langu. Soma fomu uliyosaini. Kuna kadi ambazo anayedaiwa na benki ni kampuni, kuna ambazo anayedaiwa ni mfanyakazi naye ndiye anayeidai kampuni, na kuna ambazo wote wawili wamefungwa kamba moja. Kwa nje zinafanana. Ikiwa yako ni ya aina ya pili na ofisi ikachelewa kukurejeshea, anayepigiwa simu na benki ni wewe.

"Hoteli imenikata mara mbili!" Simu hii huja usiku, na mpigaji yuko tayari kugombana na mtu wa mapokezi. Mara nyingi hakuna aliyekatwa mara mbili. Unapoingia, hoteli huiomba benki izuie kiasi cha chumba na akiba kidogo juu yake. Pesa hizo hazijaenda popote, zimefungiwa tu. Ukiondoka, hoteli inatoza bili ya kweli, na kile kizuizi huweza kubakia siku kadhaa mpaka benki ikifungue. Kwa siku hizo unaona tarakimu mbili na moyo unaruka. Kwa kadi ya mkopo, kilichofungwa ni nafasi ya kukopa. Kwa kadi ya kawaida, hii tunayotolea pesa ATM, kilichofungwa ni mshahara wako, na nyumbani wanasubiri pesa ya kwenda sokoni Darajani. Ndiyo maana nawaambia wenzangu wamuulize mtu wa mapokezi, kabla hawajampa kadi, anazuia kiasi gani na kwa muda gani.

Mashine ya kadi ya Nairobi au Dubai inaweza kukuuliza: ulipe kwa sarafu ya hapo au ya kadi yako? Wengi huchagua ya kadi yao, ati wanaijua. Hapo umemruhusu mwenye mashine akubadilishie pesa kwa kiwango chake, na faida yake ameshaitia ndani. Chagua sarafu ya hapo, benki yako ibadilishe. Kwa kawaida hutoka nafuu.

"Nikilipa kabla ya tarehe hakuna riba, basi sina tatizo." Kihesabu ni kweli kwa kadi nyingi za mkopo, mradi ulipe deni lote, si sehemu yake. Lakini huku kwetu anayeuliza mara nyingi haulizi hesabu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya OIC, Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, lilikaa Riyadh mwaka 2000 katika kikao chake cha 12, likaazimia kwamba kadi ya mkopo isiyo na pesa za mwenyewe nyuma yake haijuzu ikiwa mkataba wake una sharti la riba, hata kama mwenye kadi amenuia kulipa ndani ya muda. Kwa hivyo nia njema haiondoi sharti ulilolisaini. Mimi si shekhe, ila naona ofisi haina haja ya kumlazimisha mtu asaini kadi kama hiyo kwa jina lake. Kadi iliyotiwa pesa za kampuni kabla ya safari inalipa tikiti na hoteli vilevile.

Kule Pemba, gari ya Chake kwenda Konde hailipwi kwa kadi. Watu hupita ATM wakatoa taslimu kwa kadi ya mkopo, wakidhani ni sawa na kulipa dukani. Kwa kadi nyingi kuna ada, na riba inaanza siku ile ile bila siku za msamaha. Chukua masurufu ya taslimu, bahasha haijafa.

Mwisho kuna tikiti zilizofutwa. Pesa zikirudishwa, kwa kawaida hurudi kwenye kadi ile ile iliyolipa. Mtu alilipa ndege kwa kadi yake, ofisi ikamrejeshea, mkutano ukaahirishwa, na shirika la ndege likarudisha nauli kimya kimya baada ya mwezi. Nauli hiyo si bahati yake, ni ya kampuni. Wengi hawaibi, wanasahau. Mimi tarehe ya mkutano ulioahirishwa ninayo kwenye daftari.