Kiwavi hajui theluji ijayo
Huko Marekani wengi huamini kwamba kiwavi mwenye manyoya, yule wa nondo Pyrrharctia isabella, hutabiri majira ya baridi: mkanda wa kahawia ulio katikati ya mwili wake mweusi ukiwa mpana, baridi itakuwa nafuu, weusi ukizidi, kuni ziongezwe. Mwaka 1948 Howard Curran, mtaalamu wa wadudu wa New York, aliwapima viwavi wa Bear Mountain, mlima ulioko jimbo la New York, magazeti yakaivumisha imani hiyo. Lakini aliowapima walikuwa wachache mno. Kinachoupanua mkanda hasa ni umri: kila anapojivua ngozi, weusi hupungua. Ndiyo maana bustani moja, siku moja, huwa na viwavi wenye "utabiri" unaopingana. Cha ajabu kweli ni hiki: kiwavi huyu huganda kama barafu chini ya majani makavu, kisha huamka baridi ikiisha.