Wakili wa mjengo na mazingira: watu wanavyodhani na kazi ilivyo

Nikisema mimi ni wakili wa mambo ya ujenzi na mazingira, kitu cha kwanza naulizwa ni kama nina ploti ya kuuza. Cha pili ni kama nawatetea ndovu. Basi wacha niyaandike haya ninayosikia kila siku, manake kuna vijana wako campus wanaikimbia hii kazi kwa maneno ya vibandani tu.

"Wakili anaitwa mambo yakishaharibika."

Hii ndio mama yao zote, na wanaoiamini zaidi ni makontrakta wenyewe. Chukua kandarasi ya FIDIC, yaani mkataba wa mfano wa shirikisho la kimataifa la mainjinia washauri, ile ya 1999 inayotumika sana kwenye miradi mikubwa: likitokea jambo la kukuongezea siku au gharama, una siku 28 tangu ulipojua, au ulipopaswa kujua, uwe umempa injinia notisi kwa maandishi. Zikipita, haki ya kudai muda na pesa imekwenda, hata kama una ukweli mtupu. Sasa angalia saiti ilivyo. Eskaveta inachimba msingi, badala ya udongo inagonga mwamba wa matumbawe na shimo linajaa maji, forman anapiga picha anaitupa kwenye grupu la WhatsApp, injinia anajibu na kidole gumba, kazi inaendelea, pampu zinakodiwa, dizeli inanunuliwa, na miezi 3 baadaye ndo mtu anakumbuka kumpigia wakili. Afanye nini hapo? Atafukua minits za vikao vya saiti akitafuta mstari mmoja unaotaja yale maji, aombe uhesabike kama notisi. Na kile kidole gumba hakimsaidii, kwa sababu kandarasi huwa inataja njia za kutumiana barua na sijaona iliyotaja emoji. Kazi yenyewe ilikuwa ile wiki ya kwanza: barua ya ukurasa mmoja, tarehe, kilichotokea, kipengele kinachohusika, imepelekwa ofisi ya injinia ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Kesi nyingi za mjengo nilizoziona zilishindwa au kushinda kwenye barua kama hiyo, hakimu wala arbitreta (mwamuzi wa nje ya korti) hata hajajulikana ni nani.

"Ukishapata leseni ya NEMA umemaliza."

Waulize wa Lamu. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, leseni ya NEMA, ile mamlaka ya taifa ya mazingira, ilitoka 2016. Wenyeji wakaenda tribunali ya mazingira, na Juni 2019 ikafutwa. Sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa: mikutano iliyofanywa ilikuwa ya kujulishana tu, kabla ripoti ya athari kukamilika, kwa hivyo watu hawakupata nafasi ya maana ya kuijadili ile ripoti yenyewe. Yaani mradi wa mabilioni unaangushwa na swali la nani alialikwa mkutanoni, lini, na aliwekewa nini mezani. Ndo maana mimi kwa klayenti huanza na rejista ya mahudhurio kabla ya kuangalia leseni. Kama mkutano ulifanywa kwa Kiingereza mbele ya wavuvi nataka kujua mapema, sio nikasomewe na wakili wa upande wa pili.

"Mazingira ni mambo ya NGO, hayana pesa ndani."

Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kukuu kiliingiza sumu ya risasi kwenye miili ya watu wa kijiji jirani, watoto wakiwemo. 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ikatoa fidia ya shilingi bilioni 1.3, mahakama ya rufaa ikaitengua, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Waliobebeshwa mzigo sio kiwanda peke yake, taasisi za serikali zilikuwemo, NEMA mojawapo, na hata mwenye ardhi aliyewakodisha aliingizwa kwenye kesi. Mwenye kiwanja anayesoma hapa akidhani kodi ndio mwisho wa habari, aende akaisome tena lease yake leo. Halafu katiba ya 2010, ibara ya 70, inasema anayekwenda kortini kwa ajili ya mazingira safi hana haja ya kuonyesha kwamba kuna mtu ameshapata hasara au kuumia. Mabenki wanaijua hiyo vizuri, wana maswali yao kabla ya kutoa mkopo, na hayo maswali lazima kuna mtu analipwa kuyajibu.

"Msukumie kontrakta risk zote, wewe utakuwa salama."

Wanaopenda hii ni wenye miradi, na kuna mawakili wanawaandikia hivyo wakidhani wamewasaidia. Kontrakta mwenye akili ataipandisha bei. Asiye na akili atasaini, atagonga mwamba, atafilisika katikati na kukuachia nondo zikiota kutu, na hapo kipengele chako kizuri utamshtaki nacho nani? Udongo mpime wewe mwenye kiwanja, una muda kuliko mtu aliyepewa wiki chache za kuandaa tenda.

"Bima ipo." Ipo, ila soma kurasa za nyuma. Bima nyingi za mjengo haziligusi kosa la mchoro lenyewe, na uchafuzi unaovuja polepole huwa umetolewa kabisa.

"Lazima uwe umesoma uinjinia." Hapana. Digrii ya sheria, Kenya School of Law, pupilage (mafunzo ya kazi chini ya wakili mzoefu), kama wengine wote. Lakini BQ, ile orodha ya vipimo na bei za kazi, lazima uisome uielewe, na ratiba ya kazi pia, uone kazi gani ikichelewa inaburuta zingine zote. Hiyo chuo hawakufundishi, mimi nilifundishwa na QS (mkadiriaji wa gharama za ujenzi) mmoja mkali sana aliyekuwa ananirudishia barua zangu na wino mwekundu. Kozi za arbitration, yaani kuamua migogoro nje ya korti, zipo pale tawi la Kenya la CIArb, chama cha maarbitreta, na wanaokaa darasani wengi sio mawakili, ni mainjinia na maarkitekti. Kaa nao karibu, hao ndo watakaokupa kazi.