Utaifa ni nini, na kwa nini watu wakichukizwa na uhamiaji wanakimbilia bendera

Wengi tunachanganya uraia na utaifa tunaona ni kitu kimoja, kumbe sio. Uraia ni sheria, unazaliwa nao au unaomba Uhamiaji, una NIDA una pasi basi umemaliza. Utaifa ni ile kujisikia kwamba hawa ni wenzangu na mimi ni wao, hauna fomu wala afisa wa kukugongea muhuri, na kwa vile haushikiki ndo maana watu wanautafutia kitu cha kushika, na mara nyingi kitu chenyewe ni bendera.

Chukua Uingereza. Mwezi wa nane 2025 watu walifunga bendera kwenye nguzo za taa, Birmingham na miji mingine mingi, ile ya taifa na ile nyeupe ya England yenye msalaba mwekundu, wengine wakapaka msalaba mpaka kwenye vipilefti. Walikuwa wamechoshwa na sera ya uhamiaji, hasa serikali kuwaweka waomba hifadhi mahotelini. Sasa bendera haina maneno. Aliyeifunga anasema naipenda nchi yangu na pengine ni kweli kabisa, ila jirani yake ambaye wazazi walitoka Pakistani na yeye kazaliwa palepale, ana pasi ileile, anapita chini yake asubuhi anajiuliza mimi nimo au simo? Uraia anao, utaifa wake ndo unaanza kutiliwa shaka.

Huku kwetu Arusha pia lipo. Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuzuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo saluni, uwakala wa pesa za simu na kuongoza watalii. Mji huu unakula kwa utalii, kwa hiyo vijana maguide walifurahi na mimi nawaelewa, kazi ni chache jamani. Lakini amri inaongelea uraia, vijiweni ikageuka ikawa lafudhi. Dada mmoja anayenisuka Kilombero kazaliwa Longido ila kalelewa kwa shangazi yake Kajiado, Kiswahili chake kina Kenya ndani, yani wiki ile alitoa kitambulisho mara tatu kwa wateja, wateja sio askari! Iliniuma sana. Mpaka wenyewe wa Namanga, kati yetu na Kenya, ulichorwa na Wajerumani na Waingereza, Wamasai wakabaki huku na huku.

Na bendera yetu yenyewe imetokana na mbili, ya Tanganyika na ya Zanzibar, ziliunganishwa 1964. Kijani ardhi na mimea, njano madini, bluu maji, nyeusi ndo watu, na ule weusi haujaandikwa lafudhi ya mtu yeyote.

Mlangoni kwa yule dada ipo moja ya kitambaa, imepauka, kijani kimekaribia kuwa njano. Aliitundika mwenyewe kabla hata ya hiyo amri. Ukiingia kusuka lazima ikuguse kichwani.